MRI yenye dawa yatambulisha uvimbe hatari wa ini

MWANAMKE asiye na maumivu yoyote hupigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, kisha akaelezwa kwamba ini lake lina uvimbe. Si kila uvimbe wa ini ni saratani. Lakini hata usio saratani una aina zake, na kuzitofautisha ndiko huamua iwapo mgonjwa atapasuliwa au atarudi nyumbani.

Adenoma ni uvimbe adimu unaowapata zaidi wanawake wanaomeza tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, uhusiano uliobainishwa mnamo 1973. Ukizidi sentimita 5, hatari ya kuvuja damu tumboni au kugeuka saratani huongezeka. Kipo pia kinundu kiitwacho FNH kwa kifupi, ambacho hakigeuki saratani na kwa kawaida huachwa bila matibabu. Katika picha nyingi, viwili hivi hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Ili kuvitenganisha, mgonjwa hudungwa mshipani asidi ya gadoksetiki, dawa yenye madini ya gadolini iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2008, kisha hupigwa picha kwa mashine ya MRI. Takriban nusu ya dawa hiyo hufyonzwa na seli za ini na kutolewa pamoja na nyongo. Iliyosalia hupitia figo, ndiposa hali ya figo huchunguzwa kwanza. Baada ya dakika 20 hivi, ini lenye afya hung'aa. FNH ina seli za ini zinazofanya kazi, ila mifereji yake ya nyongo haijaungana vyema na mifereji mikuu. Hivyo huizuia dawa na kung'aa sawa na ini, au hata kulishinda. Adenoma nyingi huonekana kama doa jeusi.

Nyingi, wala si zote. Baadhi ya adenoma zenye kasoro katika jeni ya beta-katenini, zilizo na hatari kubwa zaidi ya kugeuka saratani, nazo hung'aa. Daktari akishuku, hutoa kipande kidogo kwa sindano kikapimwe maabarani.

Mwongozo wa wataalamu wa ini wa Ulaya wa 2016 unapendekeza adenoma ya mwanamume iondolewe bila kujali ukubwa wake. Mwanamke huachishwa tembe, hushauriwa kupunguza uzani, na hupigwa picha tena baada ya miezi 6. Uvimbe ukiwa bado umefikia sentimita 5, au ukikua, hufanyiwa upasuaji.