Pipi ya Chenji

"Chenji sina, nikupe pipi?" Hilo ndilo swali la dukani kwa Mangi, na mara nyingi pipi huwa imeshafika kwenye kaunta kabla hujajibu. Unaichukua, unaondoka. Tendo hilo tunalifanya kila siku na halina jina.

Tuanze na chenji yenyewe. Tanzania neno hili lina maana mbili: pesa anayorudishiwa mnunuzi, na sarafu au noti ndogo za kuvunjia kubwa. Mangi akisema hana chenji anakusudia hiyo ya pili, lakini anayeikosa ile ya kwanza ni wewe. Wakenya husema pia baki, na hapo naona wametuzidi. Mwenye duka hawezi kusema "baki sina" bila kujishtaki, kwa sababu baki ni mali ya mnunuzi.

Ajabu ni kwamba lugha yetu imezitukuza sana sarafu ndogo. Chini ya Wajerumani rupia 1 ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 ikahesabiwa kwa heller 100, nasi tukazibatiza hela. Pesa na hela, maneno tunayotajia hata mabilioni, yalikuwa majina ya visarafu vya chini kabisa. Leo sarafu za shilingi 5, 10 na 20 huzioni madukani. Pipi, jojo na kiberiti vimeshika zamu. Wala si sisi peke yetu. Zimbabwe ilipoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2009, senti zilikuwa adimu, wateja wakarudishiwa peremende, hadi benki kuu yao ilipotoa sarafu Desemba 2014.

Sasa jina. Nyongeza ni uongo: nyongeza ni ile nyanya anayokuongezea mama wa sokoni juu ya fungu, kwa hiari yake, hesabu ikiwa imekwisha. Fidia inanuka mahakama. Badala ni pana mno. Mimi napendekeza kifuta chenji, mdogo wao kifuta jasho na kifuta machozi. Ukoo huo wote una tabia moja: kinachotolewa hakilingani na kilichopotea. Pipi ya shilingi 50 Mangi aliinunua kwa pakiti, bei ya jumla. Akikupa kama chenji amekuuzia bila kuombwa, na faida kapata. Jaribu kesho kumlipa kwa pipi hizo hizo akupimie sukari ya robo, uone.

Simlaumu sana, maana sarafu nazo hazimfikii. Ila akiuliza, basi asubiri jibu. Nawe msomaji, kama pipi huitaki, mwambie: "Niandikie, nakudai hamsini." Daftari la madeni analo, na kalamu anayo.