Uhasibu wa dhahabu iliyo katika uchenjuaji

Uhasibu wa dhahabu iliyo katika uchenjuaji ni sehemu ya uhasibu wa gharama inayohusu dhahabu ambayo imeshatolewa ardhini lakini bado haijawa bidhaa ya kuuzwa. Ni aina mojawapo ya uhasibu wa bidhaa ambazo hazijakamilika kiwandani. Katika mkoa wa Mara, Tanzania, unahusu hasa Mgodi wa Dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, wilaya ya Tarime, kaskazini mwa Mto Mara, ng'ambo ya wilaya ya Serengeti.

Tofauti yake na viwanda vingine ni kwamba bidhaa yenyewe haihesabiki kwa macho. Kiwanda cha viatu kinaweza kuhesabu jozi ambazo hazijashonwa soli. Dhahabu iliyo ndani ya rundo la mawe au ndani ya matangi hukadiriwa tu, na kosa la makadirio hugeuka kuwa kosa la faida.

== Hatua za uchenjuaji ==
Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mbale zake zimetoka katika mashimo ya wazi, kama Nyabirama, na katika mgodi wa chini ya ardhi wa Gokona ulioanza mwaka 2015. Kwa hesabu, dhahabu hupita hatua tatu:
* Marundo ya mbale: mawe yaliyochimbwa yanayosubiri kusagwa. Tani hupatikana kwa upimaji wa ardhi na idadi ya safari za malori. Kiasi cha dhahabu kwa tani hupatikana kwa sampuli za maabara.
* Dhahabu iliyo mtamboni: iliyo katika vinu, katika matangi ya sianidi, na iliyonaswa na kaboni.
* Mikuo ya dhahabu ghafi: dhahabu iliyoyeyushwa, ambayo bado ina fedha na metali nyingine, ikisubiri kusafishwa na kuuzwa.

Sianidi, chokaa, kaboni na vyuma vya kusagia huwekwa katika akaunti ya vifaa vya ghalani. Vinapotolewa ghalani kwenda mtamboni, gharama yake huhamia kwenye dhahabu inayochenjuliwa. Mpango wa mahitaji ya vifaa hutegemea tani zinazotarajiwa kusagwa, hivyo kosa la tani huharibu manunuzi pamoja na hesabu.

== Kanuni ==
Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004, chini ya usimamizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Kiwango kinachohusika ni IAS 2. Kinataka bidhaa zioneshwe kwenye mizania kwa gharama yake, au kwa bei inayotarajiwa ya kuuzia baada ya kutoa gharama za kukamilisha na kuuza, ipi iliyo ndogo. Gharama za kudumu hugawanywa kwa kufuata uwezo wa kawaida wa mtambo. Mtambo ukisimama muda mrefu, gharama za kudumu za kipindi hicho haziruhusiwi kurundikwa juu ya dhahabu chache iliyopatikana. Huingizwa moja kwa moja kama matumizi ya mwaka.

== Mfano wa hesabu ==
Takwimu hizi ni za kufikirika. Mgodi umechimba tani 10,000 kwa Sh bilioni 1. Kila tani inakadiriwa kuwa na gramu 3, na mtambo hupata asilimia 90 ya dhahabu. Tani 4,000 zimesagwa kwa gharama ya ziada ya Sh milioni 200, mtambo ukiwa mtupu mwanzoni. Dhahabu inayotarajiwa ni gramu 10,800. Gramu 9,000 zimeyeyushwa kuwa mikuo na 1,800 zinahesabiwa kuwa bado mtamboni.
* Rundo lililobaki, tani 6,000: Sh milioni 600
* Dhahabu iliyo mtamboni: Sh milioni 100
* Mikuo: Sh milioni 500

Jumla ni Sh bilioni 1.2, sawa na fedha zote zilizotumika. Baadaye sampuli zikionesha kwamba tani zilizosagwa zilikuwa na gramu 2.7 tu, dhahabu inayotarajiwa hushuka hadi gramu 9,720, na iliyo mtamboni ni gramu 720. Thamani yake inakuwa takriban Sh milioni 44, na gharama ya mikuo inapanda hadi takriban Sh milioni 556. Kama mikuo ilikuwa imeshauzwa, faida ilikuwa imezidishwa kwa takriban Sh milioni 56. Kwa sababu hiyo migodi hulinganisha makadirio na dhahabu iliyopatikana kweli, kwa kawaida kila mwezi.

== Umuhimu kwa serikali na wananchi ==
Kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16 katika mgodi, na Barrick asilimia 84. Faida iliyokosewa hugusa kodi ya mapato na gawio. Mrabaha wa dhahabu, uliopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, hutozwa kwa thamani ya madini, na ushuru wa huduma wa halmashauri hutozwa kwa mauzo. Hivyo rundo la mbale lililoko Nyamongo ni mali kwenye mizania ya mgodi, lakini halijailetea halmashauri ushuru huo mpaka dhahabu yake iuzwe.

== Wachimbaji wadogo ==
Wachimbaji wadogo wa Tarime na Serengeti nao wana bidhaa ambazo hazijakamilika: mifuko ya mawe inayosubiri karasha, na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kunasa dhahabu kwa zebaki. Njia ya zebaki mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki huweza kuchenjuliwa tena kwa sianidi. Katika mialo mingi ya Tanzania marudio hubaki kwa mwenye mwalo. Mchimbaji asiyeyapima wala kuyapangia bei huyaacha bila kujua kiasi cha dhahabu alichokiacha.