Dk Ndugulile: Mbunge wa Kigamboni aliyechaguliwa kuongoza WHO Afrika, kiti ambacho hakuwahi kukikalia

Dar es Salaam. Agosti 27, 2024 Kigamboni iliamka na mbunge, ikalala na mkurugenzi mteule wa Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika. Miezi mitatu kamili baadaye, Novemba 27, mtu huyohuyo akafariki dunia.

Huyu ni Dk Faustine Ndugulile, Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa kushika nafasi hiyo. Hii ndiyo safari yake kwa kifupi.

Daktari kabla ya siasa

Ndugulile alizaliwa Machi 31, 1969. Alisomea udaktari wa binadamu hapa nchini, kisha akabobea kwenye mikrobiolojia na kinga ya mwili. Baadaye aliongeza shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini.

Kabla ya kuingia bungeni alifanya kazi Wizara ya Afya, ikiwamo kwenye huduma za uchunguzi wa magonjwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Yaani alikuwa mtu wa maabara na mifumo, siyo wa majukwaa.

Kigamboni: ardhi, pantoni na daraja

Mwaka 2010 aligombea ubunge Kigamboni kupitia CCM, wakati huo eneo hilo likiwa bado sehemu ya Wilaya ya Temeke. Alishinda, akarudi tena 2015 na 2020.

Kesi kubwa aliyoikuta ni mradi wa mji mpya wa Kigamboni. Tangu mradi huo utangazwe mwaka 2008, wakazi wengi walibaki njia panda: nyumba huwezi kuiendeleza, fidia nayo huijui itakuja lini. Ndugulile alisimama bungeni kudai wananchi wake washirikishwe na haki zao zilindwe.

Upande wa pili wa hoja hiyo alikuwapo Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, ambaye kabla ya hapo aliongoza UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Yeye alitoka Umoja wa Mataifa akaja kwenye siasa za nyumbani. Ndugulile baadaye angeanza safari ya kwenda upande ule.

Jambo jingine ni kuvuka. Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 lilifunguliwa Aprili 2016 na kupunguza utegemezi wa pantoni ya Magogoni. Lakini kuvuka kwake ni kwa kulipia, na kwa mwenye bodaboda au bajaji anayepita mara kadhaa kwa siku, hiyo siyo hela ndogo. Tozo za daraja zikawa kilio cha kudumu cha wakazi na cha mbunge wao. Mwaka 2022 Serikali ilipunguza viwango hivyo.

Uwaziri: kupanda na kushuka

Oktoba 2017 Rais John Magufuli alimteua kuwa Naibu Waziri wa Afya. Mei 2020, katikati ya mlipuko wa UVIKO-19, uteuzi wake ulitenguliwa na nafasi ikaenda kwa Dk Godwin Mollel.

Wengi walidhani ndiyo basi tena. Haikuwa hivyo. Desemba mwaka huohuo Magufuli alimrudisha, safari hii akiwa waziri kamili wa wizara mpya ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari.

Kipindi hicho hakikuwa chepesi. Aprili 2021 watumiaji wa simu walilalamikia bei mpya za vifurushi, zikasitishwa. Julai zikaja tozo za miamala ya simu, kelele zikawa kubwa zaidi, na Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipopanga upya baraza, wizara ilikwenda kwa Dk Ashatu Kijaji. Ndugulile akabaki na ubunge wake.

Brazzaville

Nafasi aliyoiwania ina uzito gani? Mkurugenzi wa Kanda husimamia kazi za WHO katika nchi zaidi ya 40, makao makuu yakiwa Brazzaville, Congo. Muhula ni miaka mitano, na unaweza kuongezwa mara moja. Ugonjwa kama mpox au Marburg ukilipuka, ofisi hiyo ndiyo husaidia nchi kupata wataalamu, vifaa na fedha.

Kura zilipigwa na nchi wanachama, na Ndugulile aliwashinda wagombea wa Senegal, Niger na Côte d'Ivoire. Wakati huo mpox ilikuwa imetangazwa dharura ya kimataifa wiki mbili tu nyuma. Alitarajiwa kumpokea kijiti Dk Matshidiso Moeti wa Botswana mapema mwaka 2025, baada ya kuthibitishwa na Bodi ya Utendaji ya WHO.

Kiti kilichobaki wazi

Hakufika huko. Asubuhi ya Novemba 27, 2024 Spika Dk Tulia Ackson alitangaza kuwa Ndugulile amefariki dunia usiku wa kuamkia siku hiyo nchini India, alikokuwa akipatiwa matibabu. Alikuwa na miaka 55. Alizikwa Desemba 3 Mwongozo, Kigamboni, jimboni kwake.

WHO ililazimika kuanza mchakato upya, huku Dk Chikwe Ihekweazu wa Nigeria akikaimu. Tanzania nayo haikukata tamaa: ilimpeleka Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Muhimbili na anayejulikana mtaani kwa kuwahimiza watu wapunguze kula. Mei 18, 2025 mjini Geneva, Janabi alichaguliwa kwa kura 32 kati ya 46.

Hivyo kiti kilibaki kwa Mtanzania. Lakini aliyefungua mlango ni daktari wa ng'ambo ya pili ya maji, aliyekuwa bado anadai wapigakura wake wavuke darajani kwa bei nafuu.