Picha za Warundi wa Kale: Nyuso Zisizo na Majina

Katika toleo hili tunageukia jambo linalowagusa walimu wa lugha na wa historia pia: picha za kale za watu wa Burundi.

Mzungu wa kwanza kuvuka nchi hiyo na kuiandikia kwa kirefu alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria, mwaka 1892. Wakafuata Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899. Mugera iko Bugendana, mkoani Gitega. Mmoja wa mapadri hao, van der Burgt, alichapisha mwaka 1903 kamusi ya Kifaransa na Kirundi yenye makala nyingi za mila. Mwaka 1911 akaja Mjerumani Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Kitabu chake *Die Barundi*, chenye picha za watu na mavazi yao, kilitoka Leipzig mwaka 1916.

Tukizitazama picha za enzi hiyo tunaona mikuki, shanga, bangili za shaba na vazi la gome la mti. Gome la mvumu lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika. Neno la Kirundi *impuzu*, ambalo leo ni nguo za aina yoyote, linatukumbusha vazi hilo.

Lakini chini ya picha nyingi hakuna jina la mtu. Limeandikwa kabila tu, kana kwamba aliyesimama pale ni mfano wa mmea. Wasafiri wa wakati huo waliwapanga watu kwa urefu na umbo la pua, na kamera ikawa chombo cha kazi hiyo. Wahutu, Watutsi na Watwa, wanaosema Kirundi kimoja, wakachorewa mipaka mikali kuliko ile waliyoijua wenyewe. Mipaka hiyo iliigharimu Burundi damu nyingi baadaye.

Kiswahili nacho kilikuwapo. Kilikuwa lugha ya misafara, ya wapagazi na askari, na mgeni aliwafikia wenyeji kwa kupitia wakalimani. Alama yake imebaki katika majina: *Urundi*, lililotumika rasmi hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, ni umbo la Kiswahili la *Burundi*. Van der Burgt aliandika *Warundi*, Meyer akaandika *Barundi*. Wanafunzi wetu wa ngeli wana mfano mzuri hapo: kiambishi kimoja kinatuonyesha mwandishi alisikiliza lugha gani.

Tunapendekeza zoezi darasani. Mwalimu alete picha ya kale, na wanafunzi waieleze bila kutaja kabila: amevaa nini, ameshika nini, anamtazama nani, nani hayumo pichani. Kisha waulize: tungemwuliza swali gani mtu huyu kama tungekuwapo? Bila shaka la kwanza litakuwa jina lake.

Nasi tunazo picha majumbani, za mabibi na mababu, ambazo wajukuu hawatazitambua. Leo jioni tuwaulize wazee, tuandike majina nyuma kwa penseli. Asiyejua jina la aliye pichani huishia kuandika kabila.