Kombe Lililobonyea

Wale mliokuwepo Small Heath Park siku ya fainali yetu ya Idi mliyaona kwa macho yenu, na wale ambao hamkuwepo bila shaka mmeshasimuliwa, tena kwa kutiwa chumvi. Vijana walioshinda walitoka uwanjani wakiimba, wakajazana kwenye magari, na mmoja wao akatoa nusu ya mwili dirishani akilipunga kombe juu. Barabara ya Coventry haijui huruma. Kombe likamponyoka. Mkono wake mmoja umekatika, na ubavuni limebonyea kiasi cha kuingia kidole gumba.

Tangu siku hiyo simu hazijanyamaza. Wazee wanataka lifungiwe kabatini na lisitoke tena ila siku ya kukabidhiwa. Vijana wanasema kombe lisiloshikwa ni sufuria. Kabla hatujakutana kulizungumza jambo hili, tumeona tukumbushane habari za mji tunaoishi, maana Birmingham inayajua makombe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mji huu umeyatengeneza, na mji huu umeyapoteza.

Mwaka 1895 Aston Villa waliifunga West Bromwich Albion bao 1-0 na kutwaa Kombe la FA. Bao lenyewe liliingia kabla hata dakika moja haijatimia, watazamaji wengine wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Kombe lile ndilo lilikuwa la kwanza kabisa, lililotengenezwa mwaka 1871 kwa pauni 20. Villa walikuwa na furaha, na mwenye furaha hutaka kuonyesha. Wakalikabidhi kwa William Shillcock, mfanyabiashara wa viatu vya mpira na vifaa vya michezo, aliweke kwenye dirisha la duka lake Newtown Row, ili kila apitaye alione. Usiku wa tarehe 11 Septemba likaibwa. Zawadi ya pauni 10 ikatangazwa, wala hakuna aliyejitokeza. Mwaka 1958 mzee mmoja aliyeshapita miaka 80, Harry Burge, aliliambia gazeti kwamba yeye na wenzake ndio walioliiba, wakaliyeyusha, wakafanya sarafu bandia za nusu krauni. Maneno yake hayakuthibitishwa. Lakini kama ni kweli, basi huenda kuna watu wa mji huu walilinunulia mkate Kombe la FA bila kujua.

Kisa hiki kinasimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni kilichofuata, na sisi tunadhani hapo ndipo penye utamu. Villa walitozwa faini ya pauni 25, likatakiwa kombe jipya linalofanana na lile la zamani. Lakini utafananishaje na kitu ambacho hakipo? Ikakumbukwa kwamba Wolverhampton Wanderers walipolitwaa mwaka 1893, wachezaji wao walipewa kila mmoja kikombe kidogo cha fedha chenye umbo lilelile. Vikombe hivyo vilivyokuwa vimekaa majumbani mwa wachezaji ndivyo vilivyosaidia kupata kalibu. Na kazi ikapewa karakana ya Vaughton, ya Birmingham hapahapa. Howard Vaughton alikuwa sonara, ndiyo, lakini kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa Villa na wa timu ya taifa, aliyeifunga Ireland mabao 5 kule Belfast mwaka 1882. Mwaka 1887 alikuwamo katika kikosi cha Villa kilicholitwaa kombe lilelile lililoibwa. Kwa hiyo aliyepewa kulirudisha duniani alikuwa amelishika kwa mikono yake mwenyewe.

Kombe hilo la pili lilistaafu mwaka 1910 na likaishi maisha marefu. Mwaka 2005 David Gold, aliyekuwa mwenyekiti wa Birmingham City, mahasimu wa Villa, alilinunua mnadani kwa pauni 478,400. Mwaka 2020 likauzwa tena kwa pauni 760,000, na mnunuzi alikuwa Sheikh Mansour wa Abu Dhabi. Pesa zote hizo kwa kitu kilichozaliwa kwa sababu ya uzembe wa watu wenye furaha.

Mtu angedhani Villa walijifunza. Tarehe 26 Mei 1982, mjini Rotterdam, bao la Peter Withe liliwafunga Bayern Munich, na Kombe la Ulaya likaja Birmingham. Wachezaji wakawa wanalipeleka huku na huku ili watu wapige nalo picha. Colin Gibson na Gordon Cowans wakalipeleka baa moja iitwayo Fox Inn, kijiji cha Hopwas karibu na Tamworth. (Wengi wetu hatuingii mahala pale, lakini habari zake hutufikia.) Walipogeuka, kombe halipo. Kombe la Ulaya nzima! Likatokea Sheffield, katika kituo cha polisi cha West Bar, ambako mtu alilipeleka mwenyewe, na polisi nao hawakuacha kupiga nalo picha kabla ya kulirudisha.

Na asiseme mtu kwamba ni Villa tu. Aprili 2011 Sergio Ramos wa Real Madrid aliliangusha Kombe la Mfalme kutoka juu ya basi la ushindi, na basi hilohilo likalipitia. Siku hizi Shirikisho la Mpira la Ulaya hubaki na kombe halisi, na mabingwa hupewa nakala. Tunaelewa sababu yake. Hata hivyo tunaona kuna kitu kimepungua: mshindi anakwenda nyumbani na mfano wa alichoshinda.

Sisi watoto wa Afrika Mashariki tulikulia na habari za Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, kwa zawadi ya kampuni ya sabuni ya Gossage. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, Zanzibar mwaka 1949. Wazazi wetu wametusimulia mabao, mvua, ugomvi na marefa, lakini hatukumbuki hata mmoja aliyetueleza kombe lenyewe lilikuwa na sura gani. Kwao kombe lilikuwa sababu ya kukutana.

Letu ni tofauti kidogo, na hapa ndipo panapotuuma. Tulikwenda nalo Hockley, mtaa wa masonara, tukamwonyesha fundi. Si fedha tupu, ni shaba iliyopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington iliueneza duniani kutoka mji huu huu. Ndio hao waliotengeneza mwaka 1864 sinia wanalolinyanyua mabingwa wa kike wa Wimbledon. Fundi akasema mkono ataulehemu kwa siku moja. Kubonyea kule nako anaweza kukunyoosha, ila itabidi apige, asugue na kupaka upya, na majina yaliyochorwa upande ule yatafutika. Ni majina ya timu ya mwaka wetu wa kwanza. Wawili kati yao hatunao tena. Mmoja amezikwa hapa, mmoja alirudishwa Tanga. Anaweza kuyachora upya, akasema, lakini hautakuwa mkono uleule.

Tumemwambia alehemu mkono, pengine asiguse. Kuhusu kabati, tutaamua katika mkutano, na kila mwenye neno aje nalo. Kwa sasa kombe liko nyumbani kwa mama wa yule kijana aliyeliangusha, juu ya friji, limefunikwa kanga. Kijana mwenyewe ndiye aliyeomba likae kwao, na mama yake anasema hajamwona akipita jikoni bila kulitazama.