Nodi isiyo na jina

Nodi isiyo na jina ni nodi ya grafu ya data inayowakilisha kitu fulani bila kukipa anwani ya kudumu. Hutumika hasa katika RDF, muundo wa kuandika data za Wavuti uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 1999. Toleo 1.1 lilitolewa mwaka 2014.

Maana

Data ya RDF huandikwa kwa kauli zenye sehemu tatu: kiima, uhusiano na shamirisho. Kwa kawaida kitu hutajwa kwa anwani iitwayo IRI, ambayo maana yake ni ileile popote. Hata hivyo, kuna vitu vinavyojulikana kuwepo lakini havina anwani. Kwa mfano, utenzi wa kale una mtunzi hata kama jina lake limesahaulika. Nodi isiyo na jina husema tu kwamba "yupo aliyeutunga". Nodi hiyo inaweza kuwa kiima au shamirisho, lakini si uhusiano.

Matumizi katika rdflib

rdflib ni maktaba ya programu kwa lugha ya Python. Nodi hizi huundwa kwa klasi BNode:

from rdflib import Graph, Namespace, BNode
EX = Namespace("http://example.org/")
g = Graph()
m = BNode()
g.add((EX.utenzi, EX.mtunzi, m))

Kila BNode() inapoitwa, hupatikana nodi mpya yenye alama yake ya ndani.

Tahadhari

Alama hiyo, kwa mfano _:b0, si jina. Hutumika ndani ya faili moja tu. _:b0 ya faili nyingine haichukuliwi kuwa kitu kilekile. Kwa hiyo faili likisomwa mara mbili katika grafu moja, kauli zenye IRI pekee hazirudiwi, lakini nodi zisizo na jina huongezeka. Programu inayohesabu watunzi wa utenzi itapata wawili badala ya mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo, grafu mbili hazilinganishwi kwa kutazama alama. rdflib ina kazi iitwayo isomorphic, inayochunguza kama miundo yake ni sawa. Kazi nyingine, skolemize, hubadilisha nodi hizo kuwa IRI. Imeitwa kwa jina la Thoralf Skolem, mwanahisabati wa Norwei.

Kitu kitakachorejewa na data nyingine hufaa kupewa IRI tangu mwanzo.