Kumbe habari ya Ngara ilikuwa upande wa pili wa daraja

Jana usiku chumbani tumeangalia sinema ya zamani kweli, Ace in the Hole ya Billy Wilder, ya mwaka 1951. Kirk Douglas anacheza mwandishi wa habari aliyefulia. Anamkuta jamaa amefukiwa pangoni huko New Mexico. Njia ya haraka ya kumtoa ipo, lakini mwandishi anashawishi wachimbe kutokea juu ya mlima, siku kadhaa, ili magazeti yaendelee kuuzika. Watu wanafurika pale kama sabasaba. Jamaa anafia ndani.

Washkaji walilala. Mimi mtu wa Mabawe usingizi ukakata, nikaanza kuwaza 1994.

Tarehe 28 Aprili mwaka ule, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji. Kamera za dunia nzima zikaja, na kwa nini zisije? Kulikuwa na barabara, mahema, watoto wenye njaa, mashirika ya kuhojiwa. Lakini ng'ambo ya pili Watutsi walikuwa bado wanauawa, na waandishi wa nje waliokuwa kule walikuwa wachache mno. Chini ya daraja lile lile Mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti.

Sasa hapa msinielewe vibaya, njaa ya Benaco haikuwa ya kuigiza, na wengi walikuwa raia tu. Wala sisemi kuna mwandishi aliyechelewesha uokoaji makusudi kama yule wa kwenye sinema. Ila picha ya umati ilikuwa rahisi kupiga, na ikameza swali la msingi: hawa wanamkimbia nani, na kati yao nani kaua?

Maana wauaji walikuwemo. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani wa Murambi, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mwaka 2011 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwemo ya parokia za Kiziguro na Mukarange, na rufaa ya 2012 ikamwachia miaka 40.

Pale Benaco alikuwa mkimbizi tu kama wengine.